Baada ya Onyesho, Jinja

Saa saba usiku, kwa muuza rolex wa Barabara Kuu,
Mukose amekataa kuketi.
"Wameuvunja," anasema, "kama njiti ya kiberiti.
Wimbo ulikuwa wa mbio, wao wameuburuza
kama mzigo wa miwa. Lile gitaa la mwanzo liko wapi?"

Kagoya anatafuna kwanza, anameza, ndipo anajibu:
"Miaka kumi na saba hawakusalimiana.
Ulitaka wapande jukwaani wakitimka,
kana kwamba katikati hakuna aliyezikwa?
Na ile sauti ya juu, Kirunda hana tena.
Ameushusha wimbo hadi alipo. Huo ni uungwana."

"Uungwana wa kiingilio elfu hamsini!"

Muuzaji anapasua yai la tatu, anauliza
kama tunataka na nyanya.

Mimi sijasema neno.
Kanda yangu ya zamani, niliyoinunua Iganga,
ilitafunwa na redio ya shangazi kwenye ubeti wa pili:
baada ya "nisubiri" pana kimya, kisha "darajani".
Nimekua nikiamini kimya kile ni chao,
kwamba walikipanga, kwamba ndio ufundi wenyewe.
Leo ukumbi mzima umeyaunganisha maneno bila kupumua,
nikabaki nyuma peke yangu, mdomo wazi.

Mukose ananigeukia: "Na wewe, uko upande gani?"

Namwambia muuzaji: tia nyanya.