Ekseli ya Nyuma

Jumamosi ya kwanza tuling'oa mkanda wa kushoto tu.
Pini moja, nyembamba kama kidole cha mtoto,
ilikula nyundo tatu na tusi moja la Kiukraini
ambalo Orest alikataa kunitafsiria.

Nje, Saskachewani ilikuwa nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri.
Ndani ya ghala, pumzi zetu zilitangulia maneno.
Gari lilikaa juu ya magogo, fupi, halina paa:
si kifaru, labda mtoto wa kifaru.

Jumamosi ya pili: bomba la breki, shafti, nati za springi.
Supu ya bitiruti aliyoleta Darka ikaganda juu ya boneti.
Penye nia pana njia, nikasema.
"Penye kutu," akajibu, "pana moto,"
akawasha tochi ya gesi.
Nati ikaiva, ikawa nyekundu, ikanyamaza.
Kisha ikalia, kwii,
robo mzunguko.
Hatukushangilia, isije ikaghairi.

Ya tatu, tukaiteremsha kwa jeki na mnyororo.
Haya. Haya. Ngoja. Mkono wako!
Ikatua sakafuni kama mzigo uliochoka kubebwa.
Oili ikatoka nyeusi, nzito,
na punje za ngano, na manyoya ya panya
aliyekuwa na nyumba yake kule bila kodi.

Ndipo tukauona, ubavuni mwa kasha la difu,
mshono wa kuchomelea, mnene, mafundo mafundo,
kovu lililoshonwa na mtu aliyefumba macho.
Orest akavua glavu.
"Gido," alisema. Ndivyo alivyomwita babu yake.
"Hakuna mwingine aliyechomelea vibaya namna hii."

Maana gari hili halikuvuka bahari.
Liliundwa kwa ajili ya vita, vita vikaisha
likiwa bado linasubiri treni.
Mzee akalinunua kwa dola arobaini
na maadui wake wote wakawa visiki.
Siku moja kisiki kimoja kilikataa.
Kasha likapasuka. Akalishona usiku uleule,
mavuno yakimsubiri, taa ikishikwa na mkewe.

Kasha jingine tunalo, limelala kwenye kreti,
zima, limepakwa rangi, limelipiwa.
Orest alilitazama kidogo, akarudisha kifuniko.
"Tutasafisha hilihili."
Litavuja, nikamwambia.
"Limevuja siku zote," alisema,
akaenda kutafuta kopo.