Verdikio

Wateja wa Nyali huniuliza: ni kali?
Nami hukwama hapo, kizibo mkononi,
maana kali kwetu ni jua la saa saba,
ni wembe, ni mbwa wa jirani,
ni tembo la juzi linalokupiga kisogoni,
na hii si mojawapo ya hizo.

Bi Ornella alinifunza jina lake kwa vipande,
akigonga meza kwa uma: ver-di-kio.
Ni jina la zabibu kwanza, alisema, ndipo likawa la divai,
na ndani yake limejificha neno la kwao la kijani,
kwa kuwa zabibu hii hata ikiiva
haikubali kuwa njano kabisa.
Mimi zabibu nilizijua zimekauka,
zimekunjamana kama vidole vya mfua nguo,
mbili tatu juu ya biriani ya harusi ya watu.
Sikujua kwamba zilikuwa na maji.

Nikaonja. Kijiko kimoja, jikoni,
nimesimama baina ya ndoo ya kamba na moto.
Kwanza mbirimbi: ule ukakasi
unaokaza shavu hadi jicho moja lifumbe.
Kisha jiwe lililonyeshewa.
Kisha, nilipodhani imekwisha,
uchungu mdogo ukaingia kwa mlango wa nyuma
nikautambua:
ni kungu tulizozipasua kwa mawe kule Frere Town,
kengele ishalia, midomo myekundu,
na katika kila kumi moja ilikuwa chungu
na hatukuitema.

Hayo humwambii mtu aliyeagiza changu wa kupaka.
Nasema: ni safi, bwana. Inaamsha ulimi.

Jumatatu, siku yangu ya mapumziko,
nikabeba mkia wa chupa hadi Mwakirunge.
Baba yangu Nzai amegema miaka thelathini na tisa;
goti la kushoto sasa linamdai.
Glasi hakuitaka. Akamimina katika kata yake ile ile,
akakaa nayo mdomoni kama anayehesabu fedha za mtu mwingine.

"Hugema mara ngapi hawa?"
Mara moja kwa mwaka.
Akacheka mpaka kikohozi kikamshika,
yeye ambaye mnazi humwita asubuhi, adhuhuri na jioni
kama mtoto mchanga.
"Na hii ina siku ngapi?"
Miaka minne, baba.
"Miaka minne, na haijawa siki!"
Akaitazama chupa kwa wivu kidogo.

"Mti wake una urefu gani?"
Nikamwonyesha: hapa, kiunoni, kifuani labda.
"Hawapandi?"
Hawapandi. Wanatembea kati ya mistari,
wanakata kwa mkasi, wanapanga kwenye kreti.

Akanyamaza. Nilijua amekwenda wapi.
Amekwenda kwa Thoya, mdogo wake,
kwenye mnazi wa pili kutoka kisimani,
asubuhi ile vidato vimelowa,
na kibuyu kilichobaki juu peke yake
kikiendelea kujaa.

Akanywa tena. Akalamba mdomo wa juu,
akaufikia ule uchungu, nikamwona anaufikia.
"Mgema wake," alisema, "hajasifiwa bado."
Akanirudishia kata tupu
akaomba nimpakie dawa gotini.

Jana bwana mmoja, wakala wa mizigo Kilindini,
shati limeloa jasho la makontena,
akaishika orodha bila kuisoma.
Hii nyeupe, dada. Ni kali?
Nikamwambia: mgema wake hajasifiwa bado.
Akainua uso. Kwa mara ya kwanza jioni ile
mtu alinitazama mimi, si chupa.
"Basi lete," akasema, "nami nitanyamaza."