Tatu kwa Nunge

Tulifungwa tatu kwa nunge kule Cuiabá.
Gaspar alilia hadharani, jezi kichwani,
nasi tukasema ni jua tu.

Kesho yake Dona Zulmira akatupakia botini,
akazima injini katikati ya mto:
"Wareno, nyamazeni."

Kapibara, panya wakubwa kama mbuzi,
walikaa ukingoni mithili ya wachezaji wa akiba.
Ghafla wakajitosa majini, wote.
Jagwa akatoka majanini,
akanywa,
akatutazama: watu watano na bendera iliyolowa.
Akaenda zake, hakuuliza matokeo.

Simu ya Quitério iliwaka bure mkononi.

Usiku tulipiga chandimu na wanawe Zulmira,
viatu ndio magoli.
Tukafungwa tena, mengi, hatukuhesabu.
Gaspar, golikipa wetu,
alikuwa ameugeukia mto.