Kilo Thelathini na Moja

Maabara yetu iko chini ya ukumbi wa mazoezi,
hivyo kila mpira wa kikapu unaodundwa huko juu
hutudondoshea vumbi la chokaa kwenye mizani.
Mwaka wa tatu huu. Najua majina ya misuli
kuliko majina ya binamu zangu wa Võru.
Najua kutoboa ndewe ya sikio mtu asishtuke,
nikinge tone, nisome humo uchovu wake:
tarakimu mbili, nukta katikati.

Januari hii zamu yangu ni wazee.
Wanakuja kwa basi, viatu vimejaa theluji,
wamevaa suruali za michezo zilizopigwa pasi.
Nawafunga mkanda kifuani, nawavisha kinyago,
nawaambia maneno niliyofundishwa
kwa sauti niliyofundishwa:
Kaza! Kaza! Toa zote! Usibakishe!
Profesa Rannamäe anasema sauti yangu ni nyembamba,
na sauti nyembamba humwibia mtu kilo mbili.
Basi napiga kelele kama nafukuza ng'ombe shambani.

Alhamisi akaja Endel Kuusik, miaka sabini na minne,
fundi wa reli mstaafu, harufu ya sabuni ya lami.
Mkono wa kulia: thelathini na nane.
Wa kushoto: thelathini na moja.
Tofauti ni kubwa, nikasema, turudie.
Thelathini na moja.
Turudie.
Thelathini na moja, kama aliyeipima nyumbani akaja nayo,
na shingoni hakuna hata mshipa uliosimama.
Ukikaa miaka mitatu ukitazama watu wakikamuliwa
unamjua anayejikamua kwa kipimo.

"Mzee, unabakisha."

Akakifungua kiganja, akakitazama
kama mtu anayehesabu nauli.
"Nabakisha. Saa moja jioni
nina Leida wa kumtoa kitini kumpeleka bafuni,
kisha kumtoa bafuni, na huko ndiko kugumu, maana ameloa.
Huu ndio mkono unaopita chini ya kwapa lake.
Mashine yako itanisamehe."

Fomu ina safu ya uzito, safu ya dawa,
sigara kwa siku, tarehe aliyoanguka mara ya mwisho.
Safu ya Leida haina.
Nikaandika 31, nikatia nyota ndogo ubavuni,
na chini kabisa ya ukurasa:
nyota ni ya jioni.

Rannamäe akaiona kesho yake. Nikamweleza.
Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati,
akakaa nayo mkononi muda mrefu kuliko uchafu wake.
"Matokeo batili," akasema, na alikuwa sahihi.
Akamfuta Endel kwenye jedwali.
Tukabaki na wazee ishirini na tisa
waliotoa zote, au waliojua kudanganya vizuri zaidi.

Usiku nikatembea kando ya Emajõgi, mto umeganda,
kasia zetu za zamani zimefungiwa bandani.
Nilipokuwa na miaka kumi na sita kocha alinipigia kelele hapa,
neno kwa neno, zilezile ninazowapigia wazee,
nami nikamwamini, nikazitoa zote.
Mgongo wangu ungali unamkumbuka kila ninapofunga kamba za viatu.
Hamadi ni iliyo kibindoni, na silaha iliyo mkononi:
Endel alikuja na vyote viwili
katika ngumi moja.

Mwezi wa tano, mtihani, swali la nne:
Eleza maana ya nguvu za juu kabisa za mwanadamu.
Nje mtu alikuwa anakata nyasi kwa mara ya kwanza mwaka ule.
Nikaandika lile la kitabuni, koma kwa koma,
nikapata alama zote.

Jibu lingine nililibakisha.