Kopo kutoka Biano

Aliuleta ndani ya kopo la maziwa ya unga,
mdomo umefungwa kwa kipande cha chandarua,
siku mbili juu ya lori la makala
toka uwanda wa Biano mpaka kwetu Lubumbashi.
Jina? nikauliza, kalamu juu ya daftari.
Kabange. Pacha wa pili.
Na wa kwanza?
Kyungu yuko Kolwezi. Anachimba.

Hapa kila mleta udongo ana swali lilelile:
Kuna shaba? Kuna kobalti? Asilimia ngapi?
Wanaunusa, wanauramba, wanauapia.
Yeye alivua kofia, akasema:
Dada, nyasi zangu hufa mwezi wa sita
ilhali mvua tumeipata.

Nikamimina kiasi kiganjani.
Rangi ya chai iliyozidiwa maziwa.
Nikadondosha maji, nikaufinyanga.
Udongo wa hapa, ule mwekundu wa matofali,
husokoteka ukawa uzi, uzi ukawa pete,
ukitaka unaweza kuuvisha kidole.
Huu haukubali uchumba.
Ulikaa tonge kwa muda wa kupiga chafya,
kisha ukarudi kuwa umati.

Nikautia chupani, nikajaza maji, nikatikisa.
Subiri, nikamwambia.
Hapakuwa na cha kusubiri.
Sijafika arobaini, punje zote ziko chini,
zimelala kama watoto wa bweni waliosikia nyayo,
na maji juu yao yameshasahau.
Mfinyanzi hushinda siku tatu ukinung'unika
kabla ya kukubali kutua.

Unakunywa vizuri, nikasema. Ila hauna tumbo.
Mvua ya asubuhi, jioni imeshapita,
imekwenda chini mno, mizizi haiifuati,
na kila inapopita inaondoka na chakula.

Najua, akasema Kabange,
na kwa mara ya kwanza akaketi.
Mchana unaunguza kwato za ndama.
Usiku unapoa kabla ng'ombe hawajakunja magoti.
Wakipita mara tatu njia ileile
pale pamekuwa kidonda, na upepo wa mwezi wa nane
unakilamba mpaka kinapanuka.
Ninachokiamini ni zile nyasi ngumu za mashina mashina,
ng'ombe hawazipendi,
lakini ukiling'oa shina moja
linakuja na mchanga wake umeshikwa, mkono mzima,
kama mtu aliyekataa kuachia nauli.

Na moto? nikauliza.
Akatazama dirishani.
Tunachoma. Majani mabichi yanatoka wiki hiyohiyo,
ng'ombe wanashangilia.
Halafu majivu yanaisha.

Kipimo kilisema: mchachu.
Mboji: haba, karibu na hakuna.
Nikamwambia yale tuliyofundishwa,
asichome kila mwaka, aache samadi ilale,
ahamishe kundi kabla kidonda hakijafunguka.
Akacheka, si kwa ubaya.
Nihamishie wapi? Upande wa pili kuna waya
na kibao chenye picha ya fuvu.
Huko nako wanaupenda udongo,
ila wanaupenda ukiwa ndani ya gari.

Akaomba kopo lake. Ni la mama, akasema.
Nikalimwaga, nikalipangusa kwa upindo wa koti.
Alipofika mlangoni akageuka:
Kwa hiyo si mgonjwa?
Nikasema, hapana. Ndivyo ulivyo.
Akatikisa kichwa polepole, akaenda
kutafuta lori linalorudi tupu.

Fomu yetu ina visanduku vitatu:
shaba, kobalti, manganizi.
Nikaandika sufuri, sufuri, sufuri,
kisha nikachora cha nne kwa mkono, kimepinda,
nikaandika pembeni: nyasi.

Jumatatu shefu Mutonkole aliipitia, miwani puani.
Akakigusa kile kisanduku kwa kidole,
chini ya kidole kukalia kitu, kwaruu,
punje moja au mbili.
Nyasi, akasoma.
Haya ni madini gani tena?