Bila Chaki

Mashine ya mbao imezimwa. Baridi ya Mafinga
imeingia hadi kwenye kucha.
Naweka santuri ile, jalada lake limeliwa na panya,
ya wazee watatu wasiokubaliana.

Sekalinga anauliza toka jikoni:
"Huyo anapiga, au anatafuta funguo?"

Anatafuta, mke wangu.
Dakika ya kumi na moja saksafoni inakwama
kama msumeno uliokuta fundo kwenye paini:
inalia, inarudi nyuma, inajaribu pembeni.
Mpiga besi hamsaidii. Anamngoja tu.

Miaka ishirini napasua magogo
kwa kufuata mstari wa chaki.
Hawa hawana chaki.

Sindano imefika mwisho, inakwaruza, inakwaruza.
Sekalinga yuko mlangoni, mwiko mkononi:
"Kwa hiyo hawakuziona?
Hebu geuza."