Mpunga Pepo

Mama kanipigia kutoka Al-Khuwair:
"Hebu nieleze tena, Rayya, kazi yako hasa ni ipi?"
Nikamwambia, navuna upepo.
Akacheka mpaka kikohozi kikamshika.
"Kwetu Wete walikuwapo wapunga pepo,
ujira wao kuku mweusi na chetezo cha ubani.
Wewe walipwa riali. Dunia imekwenda mbali."

Niko nyuma ya Thumrait, mgongoni mwa milima,
upande ambao manyunyu ya Salala hayavuki.
Wenzetu kule chini wanapiga picha ukungu.
Huku ni vumbi, na kusi lisilojua kubisha hodi:
huvua watu vilemba,
juzi limeng'oa choo cha mafundi, bahati hakikuwa na mtu.

Minara ishirini na tisa. Wa kumi na saba ni wangu,
naujua kwa mlio, kama ujuavyo kikohozi cha mtu wa nyumbani.
Mwezi wa saba, Maskati inapotokota
na kila chumba kinalilia baridi kama mtoto aliliaye titi,
ndipo upepo huu unapopiga kwa nguvu zake zote.
Haukuchimbwa. Hauna bomba. Hauachi moshi.
Siku ya kwanza nilipoona kipimo kinapanda
nililia chini ya helmeti, mtu mzima mimi.

Lakini upepo una tabia.
Husema neno alfajiri, adhuhuri ukalikana.
Siku nyingine husita ghafla, mapanga yakaning'inia
kama mikono ya mtu aliyesahau alichotaka kusema.
Gesi hainuni. Inangoja pembeni, moto wake nusu,
kama mke mwenza anayeijua zamu.
Ukisusa, wenzio wala.

Na kuna Bakhit bin Mahad.
Ngamia wake kumi na mmoja hupanga foleni
ndani ya kivuli cha mnara, chembamba, kirefu;
kivuli kikihama, nao wanahama,
mshale wa saa wenye nundu.
"Faida niliyoiona ni hiyo," huniambia, "kivuli.
Umeme wenyewe unapita juu ya hema langu
kwenda kwa watu nisiowajua."

Jumatatu alikuja na gunia la mchele.
Akalikung'uta mezani, kando ya chai yangu.
Tumbusi. Bawa moja limekatwa safi kama muhogo.
Si ndege wa kusifiwa, hana sauti, hana sura,
lakini alilala pale amejaa meza nzima
na jicho lake moja lilikuwa bado linatazama juu.
"Ngamia wangu akifa," Bakhit akauliza,
"nani atasafisha mzoga? Panga lako?"

Nikafungua fomu ya fidia.
Mbuzi ana bei. Ngamia ana bei, dume mbali, jike mbali.
Tumbusi hana mstari.
Nikaandika pembezoni, kwa kalamu: mmoja.
Bakhit akalisoma neno lile, akakunja gunia lake,
akasema gunia ni zima, atalitumia.

Nyuma ya ofisi kuna panga lililopasuka mwaka jana.
Halichomeki, haliyeyuki, hata wauza chuma chakavu hawalitaki.
Wakubwa wanasema litazikwa.
Maiti wa mita sitini,
nami kila nikipita najiuliza ataelekezwa vipi kibla.

Usiku simu ikalia tena.
"Eya-kondisheni yanguruma vizuri leo, mwanangu.
Nimejifunika shuka mpaka shingoni.
Upepo wako umefika."
Nikatazama kioo:
sifuri, sifuri, sifuri, mpaka wa ishirini na tisa.
Nje hata kamba ya bendera ilikuwa kimya.
"Umefika salama?" nikamuuliza.
"Salama," akasema, "ila unanukia vumbi kidogo."
Nikanyamaza. Nikamwacha alale.